Kaya ya Thelathini na Saba

Kuna harufu moja ambayo nashindwa kumweleza mtu asiyekulia upande wetu wa Muleba. Ni ya kahawa inayochemshwa kwenye chungu pamoja na majani ya porini, kabla haijaanikwa na kukauka ikawa kahawa ya kutafuna. Haifanani na harufu ya kahawa ya kunywa. Ni nzito zaidi, ina ukali wa majani na utamu kidogo wa ganda, na ikishika nguo haitoki upesi. Hivi karibuni nilikwenda Kashai kumwona binti yangu kwenye chumba alichopanga, nikapita nyuma ya duka moja ambako mama mmoja alikuwa akichemsha kahawa hiyo kwenye sufuria kubwa. Nikasimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Yule mama akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana. Nilikuwa namkumbuka shangazi yangu na hesabu ya kijiji chetu, lakini hilo si jibu la kumpa mtu mwenye shughuli zake.

Shangazi Kokugonza alikuwa dada mkubwa wa Baba. Aliolewa Ijumbi akiwa bado msichana, akakaa huko miaka mingi, hakupata mtoto. Mume wake akaoa mke mwingine, kisha mwingine tena, na siku moja Shangazi akarudi kwetu Buganguzi kwa miguu, kikapu kichwani na kiko cha udongo mdomoni. Babu alikuwa hai wakati huo. Akamjengea kijumba mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba, karibu na mikahawa ya zamani. Babu alipofariki, kibanja chote kikawa cha Baba, pamoja na udongo uliokuwa chini ya kile kijumba, kwa kuwa ndivyo ardhi ya ukoo ilivyokwenda kwetu, kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamume. Hakuna aliyemwambia Shangazi aondoke. Hakuna pia aliyemwambia kwamba pale ni pake.

Kwa Kihaya mwanamke asiyezaa huitwa engumba. Watu hawakulitamka neno hilo mbele yake, na sisi watoto tulikatazwa kabisa kulisema, kwa hiyo tulilijua vizuri sana. Mimi nilidhani ni aina ya ugonjwa ambao unampata mtu kwa kuvuta kiko. Nyumbani kwake sakafu ilikuwa na majani mabichi kila mara, aliyakata mwenyewe na kuyatandaza upya kabla yale ya chini hayajaanza kunuka ukavu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kusikika shamba la pili, na alipocheka alitoa kwanza kiko mdomoni na kukishika pembeni, kama mtu anayekihurumia kisije kikatikisika.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Sehemu nyingine za nchi watu walihama, walibomoa nyumba na kubeba milango. Kwetu watu walikuwa tayari wamebanana kwenye vibanja vyao, migomba ya huyu ikigusa migomba ya yule, na hapakuwa na haja ya kumhamisha mtu. Kilichobadilika ni kwamba kijiji kiliandikishwa, akachaguliwa mwenyekiti, na sehemu ya rweya, ile nyika ya majani iliyoko nje ya vibanja, ikatengwa iwe shamba la kijiji. Wangelima kwa vikundi. Kila kikundi kingepewa kipande cha ukubwa mmoja na vingine, cha kulimwa maharage na mahindi ya kijiji, na pembeni mwa kipande hicho kila kaya ingekatiwa ukanda wake wa kupanda inachotaka. Kwa wanaume wenye vibanja huo ukanda ulikuwa nyongeza tu. Kwa Shangazi ungekuwa ardhi pekee duniani isiyokuwa ya kaka yake. Hilo nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilipomwona akienda rweya kila jioni kutazama vigingi vinavyopigwa, nilidhani anapenda tu kutembea.

Mwenyekiti wetu aliitwa Ta Laurenti; Ta kwetu ni heshima ya mwanamume, kama Ma ilivyo ya mwanamke. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa ya kupima kwa kamba. Alikuwa amekwenda semina wilayani, akarudi na neno moja: sawa. Watu walime sawa, wavune sawa, wagawane sawa. Kikundi kimoja kisizidi kingine hata kwa kaya moja, alisema, kwa sababu kikundi chenye watu zaidi kitamaliza mapema na kukaa kivulini, halafu wakati wa mavuno watagawana fungu dogo na kuanza kulalamika. Alikuwa na hoja. Nimeona baadaye ofisi nyingi zikivurugika kwa jambo lile lile.

Mkutano wa kwanza ulifanyika mbele ya ghala la kahawa la ushirika. Wanaume walikaa kwenye mabenchi yaliyoletwa kutoka shuleni, wanawake wakakaa kwenye majani, na sisi watoto tukapanda juu ya magunia matupu. Katibu alikuwa Mwalimu Pastory, kijana aliyekuwa akitufundisha darasa la nne. Akahesabu kaya za kijiji, akazisoma moja moja, akatangaza kwamba ziko thelathini na saba. Ta Laurenti akaridhika.

"Wagawe wawili wawili," akasema.

Mwalimu akapiga hesabu. "Anabaki mmoja."

"Basi watatu watatu."

"Anabaki mmoja, Mwenyekiti."

"Wanne?"

"Mmoja."

Watu wakaanza kuguna. Watano wakabaki wawili, lakini Ta Laurenti akasema watano ni wachache mno hata hivyo. Sita, akabaki mmoja. Tisa, akabaki mmoja. Kumi na mbili, mmoja tena. Kila walipojaribu kikundi ambacho Mwenyekiti alikipenda, yule mmoja alikuwa amekaa nje anawasubiri. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akauliza kwa sauti, "Huyo mmoja ni nani jamani?" Watu wakacheka. Kicheko kilipoisha, niliona macho ya watu kadhaa yamekwenda upande wa wanawake, alikokuwa amekaa Shangazi. Ta Laurenti akasema jambo hilo litaangaliwa, akafunga mkutano.

Nadhani Mwalimu Pastory alilala na hesabu ile. Kipindi chetu cha Jumatatu kilikuwa cha vipimo vya urefu, lakini alipoingia darasani aliandika ubaoni namba moja tu, 37, kubwa kadiri mkono wake ulivyofika. Akatuambia tutafute namba zitakazoigawa bila kubakiza kitu. Tulikuwa na vijiti vyetu vya kuhesabia, tukavimwaga sakafuni na kuanza kuvipanga. Tulipanga mpaka magoti yakauma. Wengine walidanganya, wakaficha kijiti kimoja chini ya mguu na kuinua mkono kwa furaha. Mwalimu akawaonyesha mguu.

"Msijichoshe," akasema mwisho. "Namba hii haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Namba ya namna hii inaitwa namba tasa."

Hatukulijua neno hilo. Vitabu vya hesabu vya Kiswahili vilikuwa vipya, bado vinanuka gundi, na Kiswahili chenyewe kwetu kilikuwa lugha ya shuleni. Ukitoka getini ulikuwa umerudi kwenye Kihaya. Erasto, mtoto wa jirani yetu, akanyoosha mkono na kuuliza tasa maana yake nini. Mwalimu alifikiri. Bado namwona alivyokuwa akiigeuza chaki kati ya vidole, akitafuta njia nyingine na asiipate.

"Tasa," akasema, "ni kama... engumba."

Darasa zima likalipuka kwa kicheko, kwa sababu mtu mzima alikuwa amelisema neno lile, tena mwalimu. Msichana aliyekaa nyuma yangu akanigusa bega. Alimjua Shangazi.

Nilitoka shuleni siku ile nikiwa nimeyaunganisha mambo vizuri kabisa, kama mtoto anavyoyaunganisha. Thelathini na saba ni engumba. Shangazi ni engumba. Shangazi yumo ndani ya thelathini na saba. Kwa hiyo ni yeye aliyeifanya namba iwe vile, kama chumvi inavyoingia kwenye mboga: huioni, lakini imefika kila mahali. Sikumlaumu. Niliona tu kwamba huenda hajui, na kwamba ni vizuri mtu wa nyumbani amwambie kuliko aje aambiwe na watu wa nje.

Nilimkuta anageuza kahawa kwenye jamvi. Nikamweleza yote, kwa heshima, nikiwa nimepiga magoti kama nilivyofundishwa.

"Nani kasema?" akauliza.

"Mwalimu. Kasema thelathini na saba ni engumba."

Akatoa kiko mdomoni, akacheka mpaka akakaa chini. "Mawe!" akasema, yaani mama yangu. "Hata namba sasa wanazitazama tumbo?" Kisha kicheko kikamwisha ghafla, akaanza tena kugeuza kahawa zake. Nilianza kuogopa. Baadaye akasema kwa sauti ya kawaida, "Hebu nionyeshe."

Tukahesabu punje thelathini na saba za kahawa kavu, tukazitenga kwenye kona ya jamvi. Nikazipanga mbili mbili. Ikabaki moja. Shangazi akaiokota, akaitazama kwenye kiganja.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akaing'ata kidogo kwa jino la pembeni, ikabaki na alama. Akairudisha, akazichanganya zote kwa mikono miwili. "Panga tatu tatu," akasema. Nikapanga. Ikabaki moja, lakini haikuwa ile yenye alama. Ile yenye alama ilikuwa katikati ya jamvi, imekaa na wenzake wawili.

"Na huyu aliyebaki ni nani?"

"Sijui."

"Labda ni baba yako," akasema. "Panga tena. Sita."

Tulipanga hivyo mpaka jua likapungua. Kila mara alibaki mmoja, na kila mara alikuwa mwingine. Mara moja tu ndipo ilipobaki ile iliyong'atwa, na Shangazi akaipungia mkono kama anayemsalimia mtu wa mbali. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimekuja kumweleza jambo lililo wazi, na sasa lilikuwa limefumuka mbele yangu. Nilijua kubaki ni lazima abaki mmoja. Sikuwa nimefikiri kwamba hesabu haisemi ni yupi.

Mkutano wa pili ulifanyika pale pale ghalani. Ta Laurenti akaeleza, bila ubaya wowote usoni, kwamba wamelitafakari jambo. Kijiji kina kaya moja yenye mtu mmoja tu, na mtu huyo anaishi ndani ya kibanja cha kaka yake. Itakuwa busara kaya hiyo ihesabiwe pamoja na ya kaka yake. Hapo zitabaki kaya thelathini na sita, na vikundi vitakuwa sita vya kaya sita sita. Alilisema hilo la mwisho kwa furaha ya kweli. Naye Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, maana thelathini na sita ni namba ya kupendeza, inagawanyika karibu kila unakotaka.

Shangazi akasimama. "Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Uliza, Ma Koku."

"Mkigawa sita sita anabaki mmoja. Huyo mmoja amechaguliwa na nani?"

"Hakuna aliyemchagua. Ni hesabu."

"Hesabu imesema abaki mmoja. Imetaja jina?"

Ta Laurenti akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama karatasi yake.

"Haikutaja," Mwenyekiti akasema.

"Basi hesabu haikunitoa. Mnaonitoa ni ninyi."

Mtu mmoja alikohoa. Ta Laurenti hakuwa mtu wa hila, na nadhani alijua amejibiwa. "Ma Koku," akasema taratibu, "hakuna anayekufukuza. Utakula kwa kaka yako kama kawaida. Wenzako wana watoto wa kulisha, wewe uko peke yako. Watu waamue."

Watu wakaamua kwa kunyoosha mikono. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia mahali ambapo niliweza kumwona Baba vizuri. Mkono wake ulikuwa gotini. Mikono ya wengine ilikuwa juu tayari, Mwalimu ameanza kuhesabu, ndipo Baba alipouinua wa kwake, si juu sana, usawa wa sikio, kama mtu anayefukuza nzi. Shangazi alikuwa bado amesimama. Alimwona.

Tangu siku hiyo hakula kwetu. Zamani alikuwa akija jioni bila kuitwa, anakaa karibu na jiko na kumsimulia Mama habari za kila mtu. Sasa mlango wake ulifungwa mapema. Mama alinituma nimpelekee chakula. Nilikwenda na sahani ya ndizi na maharage imefunikwa kwa jani la mgomba, nikarudi na sahani ya ndizi na maharage imefunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa amekipokea chakula cha Mama kwa shukrani zote, akakimimina kwenye chungu chake, akatujazia sahani kwa chakula alichopika yeye. Ilikuwa hivyo kila Mama aliponituma. Baba aliiangalia ile sahani inavyoingia, akala. Nyumba yetu ikawa na kimya cha aina ambayo mtoto anaweza kuiingilia kama mvua, akalowa bila kujua imeanza saa ngapi.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nimepata uthibitisho. Shangazi ametolewa na namba imegawanyika. Yale mambo ya punje za kahawa nikayaweka kando. Lakini wiki hizo hizo Mwalimu Pastory akatufundisha kuzidisha, na akairudia namba ile ile, labda kwa sababu ilikuwa bado inamsumbua. Akaandika 37 mara 3, tukapata 111. Mara 6, 222. Mara 9, 333. Darasa likapiga kelele kwa mshangao. Tukaendelea kwa hatua za tatu tatu mpaka mara 27, ikatoka 999, na Erasto akasimama juu ya dawati.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hawa si watoto wake?"

"Watoto wa nani?"

"Wa thelathini na saba. Ulisema ni engumba."

Hakucheka. Akaweka chaki chini. "Ni kweli, hivi ni vigawe vyake, na havina mwisho," akasema. "Namba tasa haikosi watoto. Ukitafuta namba zilizoizaa yenyewe ndipo unapokosa. Zile namba nyingine zote, ukizivunjavunja, unazikuta zimetokana na hizi tasa." Akapangusa vumbi la chaki vidoleni. "Jina si zuri. Lakini ndilo lililoandikwa kitabuni."

Miaka mingi baadaye, sekondari, nilikuta kwamba kwa Kiingereza namba hizo zinaitwa kwa neno lenye maana ya kitu cha kwanza, cha asili, kisichotanguliwa na kingine. Sikujua nicheke au nifanye nini. Sijui ni nani aliyekaa mezani kulitafuta neno la Kiswahili. Bila shaka alikuwa mtu mwenye nia njema na kazi nyingi, na lugha yetu ina namna yake ya kuiona ardhi isiyoota kitu na tumbo lisilozaa na namba isiyogawanyika kuwa jambo moja. Nilimpelekea Shangazi habari hiyo siku ile ile ya 111. Alikuwa anasuka kikapu.

"Ina watoto wangapi?" akauliza.

"Mwalimu kasema hawaishi."

"Na bado wanaiita engumba?"

"Ndiyo."

Akavuta kiko. "Basi waliipa jina kabla ya kuitazama vizuri," akasema, akaendelea kusuka.

Halafu Ta Severini akaondoka. Alikuwa fundi wa cherehani, mtu mwembamba asiyependa jembe. Asubuhi moja watu wa njiani walimwona anasukuma baiskeli yenye cherehani nyuma, mkewe na watoto wanafuata na mizigo, wanaelekea Bukoba mjini. Alisema anakwenda kumwona mgonjwa. Baada ya muda ikajulikana kwamba amepanga chumba Kashai na anashona sare za shule. Nyumba yake ikabaki na kufuli, na kikundi cha nne kikabaki na kaya tano.

Sasa zilikuwa thelathini na tano. Nilimuuliza Mwalimu kama nayo ni tasa. Akasema hapana, thelathini na tano inagawanyika, ni vikundi vitano vya kaya saba saba. Alikuwa amependekeza hivyo hivyo kwa Mwenyekiti. Lakini vigingi vilikuwa vimekwisha pigwa, kamba za migomba zimevutwa, vipande vyote sita vimekwisha kupasuliwa kwa jembe, na hakuna kikundi kilichokubali kazi yake ichanganywe na ya wengine. Kikundi cha nne kilikuwa kinalima kipande kile kile kwa watu pungufu, na kilikuwa kinalalamika mpaka kanisani. Hapo ndipo mawazo yangu yote ya mwanzo yalipoanguka. Namba hii haikuwa engumba, Shangazi hakuwamo ndani yake, na bado kijiji kilikuwa kimekwama. Nakumbuka niliona kama vile nimenyang'anywa kitu.

Ta Laurenti akaja kwetu jioni. Baba alikuwa amekaa mlangoni ananoa panga. Mama akampa Mwenyekiti kigoda na kahawa ya kutafuna. Wakaulizana habari za migomba na za wagonjwa, kisha Ta Laurenti akasafisha koo.

"Ta Deo, nimekuja kwa ajili ya kikundi cha nne."

"Nimesikia wanalalamika."

"Tunaomba dada yako arudi. Aijaze ile nafasi."

Baba aliendelea kunoa. Kutoka pale tulipokuwa tulimwona Shangazi kati ya migomba, ameinama juu ya jamvi lake, anakusanya kahawa kabla ya umande. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Mwenyewe yule pale," Baba akasema. "Nenda ukamwombe."

"Wewe ndiye mwenye kibanja."

Panga likasimama juu ya jiwe. "Kibanja ni changu," Baba akasema. "Yeye si wangu."

Ta Laurenti akakaa kidogo na kahawa mdomoni, kisha akanyanyuka. Nikamfuata kwa nyuma. Baba aliniona, hakunizuia.

"Ma Koku, za hapa?"

"Nzuri, Mwenyekiti. Karibu." Shangazi hakuacha kukusanya kahawa.

"Tunaomba urudi kwenye kikundi."

"Kumbe nilikuwa nimetoka? Niliambiwa hakuna anayenifukuza."

Mwenyekiti akaokota punje moja iliyoanguka, akairudisha jamvini. Shangazi akamwacha ahangaike kidogo, kisha akamhurumia.

"Mtaiandika kaya yangu kwa jina gani?"

"Tulifikiri tuandike Kaya ya Ta Deo, nyumba ya pili."

"Ta Deo ana mke mmoja," Shangazi akasema. "Mkiandika nyumba ya pili, Padri atamwita."

Ta Laurenti alijitahidi kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mgomba. Shangazi hakucheka. Akasubiri amalize.

"Andika Kokugonza," akasema.

"Tutaandika."

"Na ukanda wa rweya?"

"Kama wa wenzako. Upana ule ule."

"Nitaupima," Shangazi akasema, na kweli aliupima.

Shamba la kijiji halikudumu. Baada ya misimu kadhaa watu walichoka, vikundi vikavunjika, majani yakarudi kwenye vile vipande vikubwa kana kwamba hakuna aliyewahi kuvigusa. Lakini zile kanda za pembeni zilibaki za wenyewe. Shangazi alipanda njugu mawe kwanza, kisha mikaratusi, na alipouza miti ya kwanza alijenga nyumba ndogo ya bati pale pale rweya, kwenye upepo, na kuhamia. Baba ndiye aliyepandisha mbao. Hawakuzungumza kamwe juu ya mkono ule, si mbele yangu. Shangazi alikuja kula kwetu tena, na Baba akawa anakwenda kula kwake, na walipokuwa wazee wote wawili walikuwa wakigombana kila siku juu ya mambo madogo kwa raha kubwa.

Nilikuwepo asubuhi ya kwanza aliporudi kikundini. Ilikuwa Jumamosi, ukungu umejaa, ziwa halionekani, watu wamesimama na majembe wakisubiri majina yasomwe. Mwalimu Pastory alisoma kikundi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kila aliyeitwa aliitikia kwa mguno, kwa kuwa ilikuwa mapema na baridi. Akafika cha nne. Akasoma majina matano, kisha akasema, "Kaya ya Kokugonza."

Hakuna aliyeitikia. Watu wakageuka.

"Kaya ya Kokugonza," Mwalimu akarudia.

Shangazi alikuwa anatazama upande wa ziwa, jembe begani. "Samahani, Mwalimu," akasema. "Sikusikia. Soma tena."

Mwalimu akasoma kwa nguvu, mpaka wa kikundi cha sita wakasikia.

"Nipo," Shangazi akaitikia.

Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nimemshikia kikapu cha mbegu. Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.